Kahawa Kihambani: Kilimo, Ushirika na Elimu katika Mlima Kilimanjaro

Habari za kahawa ya Kilimanjaro huelezwa mara nyingi kana kwamba zilianza siku mche wa kwanza ulipotiwa udongoni. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipanda mibuni katika misheni yao ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Masetla wa Kijerumani wakafuata. Wachaga nao wakapata miche, wengine misheni, wengine katika mashamba ya Wazungu walikofanya kazi. Mpaka hapo hakuna ubishi. Walakini mche peke yake hauelezi jambo lililo kubwa zaidi. Zao la fedha, likiingia katika nchi, huweza kukinyang'anya chakula ardhi yake, na mkulima akawa mtu wa kununua alichokuwa akikilima. Kilimanjaro kahawa iliingia ikakaa, na ndizi haikuondoka mahali pake. Sababu ya jambo hilo yapasa kutafutwa katika shamba lililoipokea kahawa, wala si katika mche.

Shamba hilo ni kihamba. Vihamba vimeenea katika mbavu za kusini na mashariki za mlima, baina ya kimo cha mita 1,000 na 1,800 hivi, kati ya msitu ulio juu na nyika kavu iliyo chini. Mgeni apitaye humo kwa mara ya kwanza hudhani yumo msituni. Juu kabisa imesimama miti mirefu kama mringaringa na mfuruanje, ambayo wazee waliiacha kwa makusudi walipofyeka, mmoja kwa mbao zake, mwingine kwa kuwa majani yake hurutubisha udongo. Upo pia msesewe, ambao gome lake hutumika katika kutengeneza mbege. Chini ya miti ni migomba ya aina nyingi, ya kupika, ya kuivisha na ya pombe. Chini ya migomba ni mibuni, na chini ya mibuni ni magimbi na maharagwe. Ng'ombe hawachungwi, hulishwa ndani, na samadi yao hurudishwa katika mashina ya migomba. Mpaka wa kihamba hupandwa masale, mmea uleule ambao Mchaga humpelekea mtu aliyemkosea akitaka kuomba radhi. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp, katika utafiti wake wa miaka ya karibuni, alihesabu humo aina za mimea zaidi ya 500, ikiwamo ile iotayo yenyewe.

Shamba la namna hii haliendi bila kazi nyingi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya wanawake. Majani ya ng'ombe hukatwa nyikani, kisha hupandishwa kichwani kwa mwendo mrefu wa mlima. Waandishi wengi wameisifu samadi ya Uchagani. Wachache wamevitaja vichwa vilivyoyabeba majani yake.

Wala haliendi bila maji. Mvua ya mlima huja kwa majira, na baina ya majira hayo migomba hunyweshwa kwa mifereji inayochukua maji ya mito huko juu msituni na kuyaleta kando ya matuta mpaka kwenye vihamba. Mifereji hiyo haikuletwa na serikali yoyote. Harry Johnston aliyekaa Moshi mwaka wa 1884 aliikuta ikifanya kazi, na Fidelis Masao, katika makala yake ya mwaka wa 1974, ameonyesha jinsi ulivyokuwa utaratibu wake: mfereji una ukoo wake uliouchimba, una mzee wake, na una zamu zake. Aliye na haki ya maji ana wajibu wa kwenda kuuzibua unapoziba, na asiyekwenda hutozwa faini. Basi kabla ya kusikia neno ushirika, watu wa mlima walikuwa wamezoea kumiliki kitu kimoja pamoja, kukitunza pamoja, na kugombana juu yake kwa kanuni zinazojulikana. Jambo hili si dogo.

Mbuni ulipoletwa ulikuta kivuli tayari, samadi tayari na maji tayari. Mkulima hakuhitaji kufyeka shamba jipya. Alipenyeza miche mahali palipokuwa na nafasi baina ya migomba. Bei ikianguka, mkewe na watoto bado wana ndizi. Bei ikipanda, ana fedha ya kodi, ya mabati na ya ada. Ndiyo maana Mchaga aliweza kuwa mfanyabiashara wa kahawa bila kuwa mateka wake, tofauti kabisa na setla aliyekopa benki na kupanda kahawa tupu katika eka mia.

Baada ya Vita Kuu ya kwanza Waingereza walipoitwaa Tanganyika, Bwana Shauri wa Moshi alikuwa Charles Dundas. Yeye aliwahimiza Wachaga wapande kahawa, na mibuni ikaongezeka upesi sana. Masetla hawakupendezwa. Walisema kwamba mashamba ya Waafrika yataleta magonjwa na wadudu, kwamba kahawa itaibiwa katika mashamba yao na kuuzwa kama ya Wachaga, na kwamba ubora utashuka. Hoja ya magonjwa ilikuwa na ukweli kidogo na hila nyingi. Jambo lililowauma zaidi halikusemwa kwa sauti: mtu mwenye kahawa yake kihambani haendi kuchuma ya mwingine kwa mshahara mdogo. Katika Kenya masetla walishinda. Huko Waafrika walizuiwa kupanda kahawa ya arabika mpaka miaka ya 1930, walipoanza kuruhusiwa wachache tu, na mlango haukufunguliwa kwa upana mpaka miaka ya 1950.

Kilimanjaro masetla hawakushinda, na sababu mojawapo ni chama. Mwaka wa 1925 wakulima waliunda Kilimanjaro Native Planters' Association, na Joseph Merinyo wa Old Moshi akawa rais wake. Kazi yake ya kwanza ilikuwa jibu la moja kwa moja kwa hoja ya magonjwa: chama kilinunua mabomba ya kunyunyizia na dawa ya wadudu, kikawafundisha wanachama jinsi ya kuitumia. Baadaye kikaanza kukusanya kahawa na kuiuza kwa pamoja, ili mkulima asiwe mtu wa kumfuata mchuuzi barabarani na kupokea bei aipendayo mchuuzi. Ifahamike kwamba chama hicho kilikuwa cha wakulima wenyewe, kikipita mipaka ya tawala za mangi mbalimbali, ambazo mpaka wakati huo zilikuwa zikitazamana kwa jicho la husuda. Mangi wengi hawakukipenda kwa sababu hiyohiyo. Serikali nayo, ambayo mwanzoni ilikiunga mkono, ilibadilika moyo kilipoanza kusema juu ya ardhi.

Ndipo bei za dunia zilipoanguka baada ya mwaka wa 1929. Chama kikaingia katika deni na mashaka ya fedha, viongozi wake wakatuhumiwa, na Merinyo akaondolewa. Mwaka wa 1932 ilitungwa Sheria ya Vyama vya Ushirika, na chini yake kikasajiliwa chama kipya, Kilimanjaro Native Co-operative Union, kilichojulikana na watu wote kwa herufi zake nne, KNCU. Mpango wake ulikuwa mzuri wa kuigwa: katika kila utawala chama cha msingi chenye ghala, mizani na karani, juu yake Chama Kikuu mjini Moshi, kikipokea kahawa, kikiitoa kwenda kukobolewa, kikiiuza. Lakini meneja alikuwa Mzungu, A. L. B. Bennett, mangi waliingia kwa nguvu katika mambo ya chama, na mkulima alilazimishwa kwa amri kuuza kahawa yake kwa chama hicho na si kwingine.

Hapa pana kiini cha mzozo ambao haujaisha mpaka leo. Faida za kuuza pamoja ni dhahiri. Bila kahawa yote kukusanywa mahali pamoja, chama hakina nguvu mbele ya mnunuzi. Walakini kuuza pamoja kwa hiari na kuuza pamoja kwa amri ni mambo mawili mbalimbali. Mkulima aliyepeleka magunia yake ghalani alilipwa fedha ya kwanza, akangojea malipo ya pili baada ya mauzo. Malipo ya pili yalipokuwa madogo, hakuwa na njia ya kujua kama bei ya London imeshuka au kama fedha imeliwa njiani. Mwaka wa 1937 subira ilikwisha. Katika sehemu kadhaa za mlima watu waliyashambulia maghala ya chama, serikali ikaleta polisi, na baadhi ya waliohesabiwa kuwa viongozi wa fujo wakahamishwa mbali na kwao. Maofisa waliandika kwamba watu wamepotoshwa na wachochezi. Yaelekea zaidi kwamba watu wale, waliokuwa wamekizoea chama chao cha kwanza, waliona kwamba mizani imetoka mikononi mwao. Ghala walilolivunja walikuwa wamelijenga wenyewe.

Serikali haikuondoa amri, lakini baada ya hapo Chama Kikuu kilijitahidi zaidi kuwaeleza wanachama hesabu zake, na Vita Kuu ya pili ikapita katika utulivu. Mwaka wa 1948 Bennett na R. J. M. Swynnerton walichapisha kitabu juu ya kahawa ya KNCU. Swynnerton huyo, aliyekuwa ofisa wa kilimo katika Tanganyika, alihamia Kenya, na mpango wa mwaka wa 1954 uliowafungulia Waafrika wa huko kilimo cha kahawa unaitwa kwa jina lake. Hivyo yaliyojaribiwa vihambani yalivuka mpaka, ingawa sifa yake haikuwaendea wenye vihamba.

Kwa upande wa kilimo chenyewe, mwaka wa 1934 kilianzishwa kituo cha utafiti wa kahawa pale Lyamungu. Kituo hicho kilichagua mibuni bora, na aina ya N39 iliyotoka huko ilipandwa kwa miaka mingi. Mafundisho yake juu ya kupogoa, kumenya maganda siku ileile ya kuchuma na kuanika juu ya vichanja yalipokewa vizuri, maana kila mtu aliona tofauti katika bei. Fundisho moja tu lilikataliwa kwa ukimya: mabwana shamba walishauri kahawa ipandwe peke yake, migomba itengwe, ili mibuni isigombanie maji na chakula. Kwa kipimo cha kilo za kahawa katika eka, huenda ushauri ule ulikuwa sahihi. Mchaga hakupima hivyo. Yeye alihesabu kahawa pamoja na ndizi, mbege, maziwa, kuni na mbao, na katika hesabu hiyo mgomba ulishinda. Wakulima waliitikia, wakashukuru, wakaendelea kuchanganya. Wataalamu wa kilimo cha miti na mazao, walioanza kuvichunguza vihamba kwa makini katika miaka ya 1980, waliwapa haki.

Yabaki kusema juu ya elimu, ambayo katika habari hii si pambo. Chama cha ushirika hakiendeshwi na wasiojua kusoma. Karani wa chama cha msingi lazima apime, aandike risiti, aweke daftari la hisa, na kuusoma muhtasari mbele ya mkutano. Nao wanachama lazima wawepo wanaoweza kumsahihisha. Lugha ya kazi hiyo ilikuwa Kiswahili. Mtu wa Rombo na mtu wa Machame hawasikilizani kwa urahisi katika lahaja zao, na hivyo mizani, karani, hisa na mnada yakawa maneno ya mlima mzima. Gazeti la Komkya, lililotolewa kwa Kiswahili katika miaka ya 1950, lilipata wasomaji ambao bila ya shule na ghala la kahawa wasingekuwapo.

Shule zilikuwa za misheni kwa sehemu kubwa, lakini ada ilitoka kwenye mibuni. Baridi ilipoharibu mibuni ya Brazil mwaka wa 1953, bei ya dunia ikapanda mno mwaka uliofuata, na athari zake zilionekana Uchagani katika mapaa ya bati na madawati. KNCU yenyewe ilijenga makao makuu ya ghorofa mjini Moshi pamoja na hosteli, ikaanzisha chuo cha biashara. Serikali ya uhuru ilipotafuta mahali pa kuweka Chuo cha Ushirika mwaka wa 1963, haikuwa ajabu kuchagua Moshi. Chuo hicho kilifikia daraja ya chuo kikuu kamili mwaka wa 2014.

Hata hivyo elimu ile ilikuwa na makali mawili. Kwa desturi mtoto wa kwanza hutafutiwa kihamba chake, kitinda mimba hurithi cha baba, na wa katikati hujitafutia. Idadi ya watu ilipoongezeka na ardhi ya juu kwisha, vihamba viligawanywa mpaka vingi vikawa chini ya hekta moja. Shule ikawa kihamba cha wale wa katikati. Wakaenda Arusha, Dar es Salaam na mbali zaidi, wakawa walimu, makarani, wafanyabiashara. Kisha na wa mwisho akaenda. Kahawa ililipa ada ya watoto ambao hawakurudi kuichuma, na mibuni ikazeeka pamoja na walioipanda.

Mambo mengine mawili yaliiharakisha hali hiyo. La kwanza ni ugonjwa wa chulebuni, ulioenea mlimani katika miaka ya 1960. Kuuzuia kulihitaji kunyunyizia dawa mara nyingi kwa mwaka, na kilimo kilichokuwa kikitegemea samadi na kivuli kikaanza kutegemea duka. Dawa ilipokuwa ya ruzuku, mkulima aliweza. Ruzuku ilipoondolewa katika miaka ya 1990, wengi waliacha. La pili ni amri. Mwaka wa 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika katika Tanzania nzima, KNCU ikiwamo, na kazi yao ikapewa mamlaka ya serikali. Chama kilichopata kuwa na meneja Mzungu kiliondolewa sasa na serikali ya wananchi, na kwa mkulima aliyesimama mbele ya mizani tofauti haikuwa kubwa kama ilivyotazamiwa: malipo yalichelewa, na wa kuulizwa alikuwa mbali. Sheria ya mwaka wa 1982 iliruhusu vyama virudi, na KNCU ikarudi mwaka wa 1984. Lakini chama kilichokufa miaka minane hurudi na jina lake kwanza, imani hufuata polepole.

Mwaka wa 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mafungu ya kahawa kwa nchi ulivunjika, na bei ikaporomoka. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kununua moja kwa moja vijijini. Chama Kikuu kilitafuta njia nyingine, kikauza sehemu ya kahawa yake katika soko la biashara ya haki huko Ulaya. Baadhi ya vyama vya msingi havikuridhika. Katika miaka ya 2000 kundi lililojulikana kwa jina la G32 lilijitenga, likapeleka kahawa yake mnadani bila kupitia KNCU. Wapo waliolilaumu kwa kuvunja umoja. Lawama hiyo ni nyepesi mno. Kundi hilo halikukataa kuuza pamoja. Lilitaka kujua gharama za kila mkono ambao kahawa inapitia, na kuondoa usiohitajika. Ndilo swali la mwaka wa 1937, safari hii likiulizwa na watu wenye vikokotoo na barua za mwanasheria badala ya mawe.

Kihamba nacho hakikungoja mzozo uishe. Mahali kahawa ilipodhoofika, ndizi zilipanda magari kwenda Dar es Salaam, na ng'ombe wa kienyeji akampisha ng'ombe wa maziwa wa kisasa, anayelishwa palepale zizini. Fedha ya ndizi na ya maziwa kwa desturi ni ya mwanamke, wakati ya kahawa ilikuwa ya mwanamume, na badiliko hilo la mkono unaoshika fedha limegeuza mambo mengi nyumbani kuliko sheria nyingi. Mwaka wa 2011 shirika la FAO liliitambua sehemu ya Shimbwe Juu kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wa dunia. Pamoja na utambuzi huo palikuwa na kazi ya kuitengeneza mifereji, kuigeuza kahawa iwe ya kilimo hai, na kujaribu zao la vanila chini ya migomba na samaki katika maji ya mfereji. Vanila katika kihamba ni mgeni kama mbuni ulivyokuwa mgeni. Imewekwa mahali palepale, chini ya kivuli kilekile.

Utafiti haukulala. Tangu mwaka wa 2001 kituo cha Lyamungu kimekuwa makao ya taasisi ya utafiti wa kahawa ya Tanzania, nayo imetoa aina mpya za mibuni zinazoweza kuhimili chulebuni na kutu ya majani, ili mkulima apunguziwe gharama ya dawa. Miche hiyo huzalishwa pia na vikundi vya wakulima vijijini, wanawake wakiwamo. Mabwana shamba wa siku hizi hawamwambii tena mtu aing'oe migomba. Humfundisha nafasi ya kuacha baina ya shina na shina.